Simfoni Iliyonyamaza: Habari za Mwalimu Bristow wa New York

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, palikuwa na mwalimu wa shule aliyefundisha watoto kuimba kwa muda wa miaka zaidi ya 40. Aliianza kazi hiyo mwaka 1854, wala hakuiacha mpaka alipofariki, tarehe 13 Desemba 1898, zikiwa zimesalia siku sita tu atimize miaka 73. Jina lake George Frederick Bristow. Siku za kazi alikuwa shuleni. Jumapili alikuwa kanisani akipiga kinanda. Jioni nyingi alikaa katika okestra na fidla yake begani. Na katika nafasi ndogo iliyobaki kati ya kazi hizo alitunga muziki. Alitunga opera, na oratorio juu ya habari za nabii Danieli, na juu ya hayo simfoni ambazo katika siku zake zilipigwa mbele ya watu wengi wakazishangilia. Kisha zikanyamaza. Watu waliozaliwa baada yake walikua, wakasoma muziki katika vyuo vya nchi yake mwenyewe, wakazeeka, pasipo kusikia hata sauti moja ya simfoni hizo. Twataka kueleza jinsi zilivyonyamaza na jinsi zilivyopatikana tena, kwani habari hii haikutokea kama wengi wanavyodhani.

Lakini kwanza tuseme simfoni ni nini, maana wengi wetu tumezoea muziki wa kuimbwa. Simfoni ni utungo mrefu wa muziki wa vyombo, na kwa desturi hauna maneno. Huwa na sehemu nne, na kila sehemu ina mwendo wake: moja ya haraka, moja ya taratibu, moja yenye kuchezeka, na moja ya kufungia kazi. Wapigaji ni wengi, 50 au 70 au hata 100, wenye fidla kubwa na ndogo, filimbi, baragumu, tarumbeta na ngoma. Kila mpigaji ana karatasi zake, na ndani yake imeandikwa sauti ya chombo chake tu. Mwongozaji peke yake ndiye aliye na kitabu kikubwa kionyeshacho sauti zote pamoja, mstari juu ya mstari. Mwalimu aliyefundisha kwaya sauti nne atafahamu upesi: azidishe ile mistari minne ifike 20, naye ataona kitabu cha mwongozaji wa okestra. Twaomba msomaji azishike hizi karatasi moyoni, maana habari yote imesimama juu yake.

Picha iliyochorwa ikisahauliwa ukutani, mtu mmoja aweza kuipangusa vumbi akaiona ilivyo. Kitabu cha hadithi kikisahauliwa sandukuni, mtu mmoja aweza kukisoma. Simfoni haiko hivyo. Hata mtu akiikuta hati yake, haisikii; yambidi apate watu 70 wenye ujuzi, na karatasi 70 zisizo na makosa, na mahali, na fedha za kuwalipa, na siku za kujifunza, ndipo isikike kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo, kisha inyamaze tena. Kwa hiyo simfoni haihitaji kuchomwa moto wala kukatazwa na serikali ili ipotee. Yatosha watu kutoiitisha.

Bristow alizaliwa Brooklyn, karibu na New York, tarehe 19 Desemba 1825. Baba yake alikuwa mpiga muziki aliyetoka Uingereza, naye alimfundisha mwanawe tangu utoto, hata kijana alipokuwa na umri wa miaka kama 11 alikuwa amekwisha kukaa kati ya watu wazima akipiga fidla katika nyumba ya michezo. Mwaka 1842 wapigaji wa New York waliunda chama chao kilichoitwa Philharmonic Society, nacho chama hicho kingali hai hata leo, tena ni mojawapo ya okestra zenye sifa kubwa duniani. Mwaka uliofuata Bristow aliingia humo, naye hajatimiza miaka 18.

Chama hicho kilikuwa na kanuni moja nzuri. Iliandikwa kwamba mtu akileta utungo mkubwa wa okestra uliotungwa katika nchi ile, chama kitaupiga mmoja kila mwaka, mradi kamati ya watu watano iukubali. Hayo ndiyo maandishi. Lakini kati ya kanuni na matendo mna bonde. Wapigaji wengi wa chama walikuwa Wajerumani waliohamia Marekani. Walikuja na muziki wao mioyoni, nao ulikuwa muziki mkuu kweli: Beethoven, Mozart, Mendelssohn. Tena wapigaji wenyewe ndio waliokuwa wenye chama, wakigawana mapato ya tikiti. Tusiwahukumu haraka. Mtu mwenye watoto wa kulisha, akijua kwamba jina la Beethoven litajaza ukumbi na jina la kijana wa Brooklyn halitaujaza, atachagua lipi? Basi miaka ikapita, na kazi za wenyeji hazikupigwa, isipokuwa kipande kimoja, tena kifupi, nacho kilikuwa cha Bristow, kilichopigwa mwaka 1847.

Mwaka 1853 akaja New York mtu wa ajabu kutoka Ulaya, Louis Jullien, Mfaransa aliyejipatia jina kubwa mjini London. Alikuja na wapigaji hodari, akaajiri wengine pale pale, okestra yake ikawa na watu karibu 100. Huyo Jullien alipenda sana makuu. Alipotaka kuongoza muziki wa Beethoven, alikuwa akiletewa glavu nyeupe juu ya sinia ya fedha, azivae mbele ya watu, ndipo aishike fimbo yake yenye vito. Safari moja aliupigisha muziki wa kuzima moto, na kikosi cha wazima moto kikaingia ukumbini kweli kweli na mabomba yao, hata baadhi ya watazamaji wakazimia kwa hofu wakidhani nyumba inaungua. Wenye akili nyingi walimcheka. Lakini huyo aliyechekwa alifanya neno ambalo wenye akili hawakulifanya: aliwaambia watunzi wa Marekani wamletee kazi zao, akazipiga. Bristow alikuwa mmoja wa wapigaji wake, naye kwa shukrani akamtungia simfoni, akaiita kwa jina lake, “Jullien.” Ndiyo simfoni yake ya pili.

Mtunzi wa pili aliyepata nafasi kwa Jullien alikuwa William Henry Fry, mwandishi wa gazeti, mtu mwenye maneno makali. Tarehe 24 Desemba 1853, usiku wa kuamkia Krismasi, Jullien alipiga simfoni ya Fry juu ya habari za sikukuu hiyo, nayo iliwapendeza watu. Ndipo ugomvi ulipoanza. Richard Storrs Willis, mwenye gazeti la muziki, aliandika maneno machache tu juu ya kazi ile, akaonyesha kwamba haikustahili kupimwa kwa uzito kama simfoni. (Willis ni yule yule aliyetunga, mwaka 1850, ile tuni ambayo Wamarekani huimbia mojawapo ya nyimbo zao maarufu za Krismasi, wasomaji walio na vitabu vya nyimbo vya Kiingereza hukuta jina lake hapo. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga wa muziki, alisoma Ujerumani.) Fry akajibu kwa barua ndefu kupita kiasi. Willis akajibu jibu. Na katikati ya moshi huo yule mwalimu mpole, Bristow, ambaye hakuzoea kugombana magazetini, akaandika barua yake mwenyewe.

Mambo aliyoyasema yalikuwa ya hesabu tu, na kwa sababu hiyo yaliumiza. Alisema kwamba chama cha Philharmonic, kilichoundwa kuuendeleza muziki katika nchi ile, kwa muda wa miaka 11 kilikuwa kimepiga utungo mmoja tu wa okestra wa mwenyeji wa Marekani, na kwamba hata huo, utungo wake yeye, ni kana kwamba ulipigwa kwa bahati. Akaongeza kwamba watu wa nchi nyingine wangeona ajabu kama vyama vyao vingewafungia mlango watunzi wao wenyewe. Wakubwa wa chama walikataa lawama hiyo. Bristow akajitoa katika chama, akaacha kiti chake na mapato yake.

Twapenda kusimama hapa kidogo. Pande zote mbili katika ugomvi huu zilisema jambo la kweli. Willis alisema kwamba kazi ya sanaa lazima ipimwe kwa kipimo kilicho juu, wala haiwi njema kwa sababu mtunzi wake ni jirani yetu. Ni kweli. Bristow alisema kwamba huwezi kupima usichokisikia. Na hili ni kweli zaidi, maana linatangulia. Mwanafunzi asiyeulizwa swali darasani hawezi kujulikana kama ana jibu au hana, na mwalimu asemaye “huyu hajui” pasipo kumwuliza hasemi habari za mwanafunzi, asema habari zake mwenyewe.

Jullien alirudi Ulaya mwaka 1854. Mali zake zikapotea, akili zake zikaharibika, akafa mwaka 1860 karibu na Paris katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Bristow baada ya muda alirudi katika chama, na kwa haki twapaswa kusema kwamba chama nacho kilirudi kwake. Mwaka 1856 kilipiga simfoni yake ile ya “Jullien,” na mwaka 1859 kikapiga nyingine. Kwa hiyo barua ile haikupotea bure. Bristow akaendelea kupiga fidla humo mpaka mwaka 1879, na mchana kufundisha watoto.

Simfoni tunayotaka kuitazama zaidi ni ile ya nne, iitwayo “Arcadian.” Aliitunga mwaka 1872 kwa ajili ya chama cha muziki cha Brooklyn, nacho kiliipiga mwaka 1873, mwaka 1874 ikapigwa na Philharmonic ya New York. Sehemu zake nne zina majina, na majina hayo ni hadithi. Ya kwanza ni safari ya wahamiaji kuvuka nyanda za magharibi na magari yao ya kukokotwa. Ya pili ni kituo cha jioni katikati ya nyika. Ya tatu ni ngoma ya vita ya wenyeji wa asili wa nchi, wale ambao Wazungu waliwaita Wahindi kwa kosa la Columbus. Ya nne ni kuwasili kwenye makao mapya, na furaha na michezo ya watu wa shamba.

Katika ile sehemu ya pili Bristow alifanya jambo litakaloeleweka na kila mwana kwaya. Wahamiaji wamechoka, jua limekuchwa, moto umewashwa. Basi muziki wao wa jioni uwe upi? Mtunzi hakubuni tuni mpya. Alichukua tuni ya Thomas Tallis, Mwingereza aliyefariki mwaka 1585, tuni ambayo Wakristo wa makanisa mengi huiimbia wimbo wao wa kumshukuru Mungu usiku uingiapo. Walioijua hujua pia siri yake: sauti moja hutangulia, na nyingine huifuata nyuma kwa tuni ile ile, kama mtoto akanyagaye nyayo za babaye, wala hazigongani. Bristow aliipiga kanisani Jumapili ngapi, nani ajuaye! Hakuna maneno katika simfoni, lakini waliokaa ukumbini hawakuhitaji maneno, waliijua. Mtu aliyeshutumiwa kwamba huiga tu mabwana wa Ulaya, hapa alishika kitu cha zamani sana cha Ulaya, akakiweka chini katika nyika ya Marekani, kikawa cha watu wale.

Kumbe sehemu inayofuata ni ngumu kwetu kuisikia kwa moyo mweupe. Wale wacheza ngoma ya vita wanatokea katika muziki kama hatari ya njiani, kama simba au mafuriko, kitu cha kupita ili ufike nyumbani. Hawana nyumba wao wenyewe katika hadithi hii. Lakini nyanda zile zilikuwa nyumba yao. Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilifanya mapatano na watu waitwao Lakota, na kuwaahidi nchi yao, pamoja na vilima viitwavyo Black Hills. Mwaka 1874, mwaka ule ule simfoni ilipopigwa New York, askari waliotumwa na serikali waliona dhahabu katika vilima hivyo. Mwaka 1877 vilima vikachukuliwa. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1980, mahakama kuu ya nchi hiyo hiyo ilisema kwamba wenyewe wanastahili kulipwa kwa nchi yao iliyochukuliwa. Nao wakakataa fedha, wakisema kwamba wanataka nchi.

Hatusemi kwamba mwalimu Bristow alichukua vilima. Alikuwa mjini akifundisha watoto nyimbo. Lakini aliuona ulimwengu kama magazeti ya siku zake yalivyouona, na muziki wake umeyahifadhi macho hayo. Wako wasemao kwamba kwa ajili hiyo ingekuwa afadhali simfoni ibaki kimya. Sisi hatukubali. Simfoni iliyonyamaza haimfundishi mtu lolote, si uzuri wala kosa. Ikipigwa, na watu wakaambiwa wazi ngoma ile ni ya nani na nchi ile ilikuwa ya nani, wimbo wa jioni na ngoma ya vita husikika pamoja kama vilivyokuwa pamoja, na msikilizaji hana pa kukimbilia.

Sasa ilikuwaje kazi hizi zilizopigwa na kushangiliwa zikasahauliwa? Sababu ya kwanza ni ile ya karatasi. Kuipiga chapa simfoni nzima kulikuwa na gharama kubwa, na simfoni za Bristow zilibaki katika hati za mkono. Muziki uliopigwa chapa husafiri: mwongozaji wa Boston aweza kuuagiza, na wa London pia. Hati ya mkono hukaa palipo na mwenyewe, na mwenyewe akifa hukaa palipo na sanduku.

Sababu ya pili ni mgeni mwingine mkubwa. Mwaka 1892 Antonín Dvořák, mtunzi wa Bohemia, aliitwa New York kuwa mkuu wa chuo cha muziki. Mwaka 1893 aliwaambia Wamarekani katika magazeti kwamba nyimbo za watu weusi wa nchi yao ndizo msingi watakaojengea muziki wao, na mwezi wa Desemba mwaka huo Philharmonic ikapiga simfoni yake “Kutoka Ulimwengu Mpya.” Maneno yake juu ya nyimbo za watu weusi yalikuwa ya haki na ya kishujaa, na simfoni yake ni bora kuliko za Bristow, hilo twalikiri bila kuvutwa. Lakini watu walianza kuhesabu habari za simfoni ya Marekani tangu siku ile, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa nyika tupu. Mwaka ule ule wa 1893 mzee Bristow alikuwa amemaliza simfoni yake ya tano, “Niagara,” yenye kwaya na waimbaji, juu ya maporomoko makuu ya maji. Ilipigwa katika ukumbi wa Carnegie mwezi wa Aprili 1898. Alikuwa na miezi minane ya kuishi.

Hati zake zikaja kuwekwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Na hapa ndipo tunapotaka kusahihisha dhana moja. Watu wakisikia kwamba muziki uliosahauliwa “umegunduliwa,” hudhani kwamba mtu fulani alipanda darini, akafungua sanduku la kale, akapiga kelele kwa furaha. Hutokea, lakini mara chache. Simfoni za Bristow hazikufichwa. Zilikuwa katika maktaba ya mji mkubwa, zimeandikwa jina, na mtu yeyote aliyeziomba angeletewa mezani. Kilichokosekana si hati. Alikosekana mwenye kuomba.

Wa kwanza kuomba kwa bidii alikuwa Karl Krueger, mwongozaji aliyekuwa zamani mkuu wa okestra ya Detroit. Mwaka 1958 alianzisha chama cha kuhifadhi muziki wa Marekani, na katika miaka ya 1960 akatia kazi za Bristow katika sahani za santuri, ikiwamo “Arcadian.” Wala hakuzipiga Marekani: alivuka bahari akazipiga London na wapigaji wa Royal Philharmonic. Ndivyo jambo hili linavyochekesha na kuhuzunisha pamoja. Katika miaka ya 1990 okestra ya Detroit yenyewe ilipiga mojawapo, ikiongozwa na Neeme Järvi, mzaliwa wa Estonia. Bristow alisaidiwa na Mfaransa akiwa hai, na akiisha kufa wageni wakashika tena mkono wake.

Lakini kazi iliyo ngumu kuliko zote haifanywi na wapigaji, wala watu hawaipigii makofi. Ni kazi ya kusahihisha. Simfoni ya “Jullien” ilitayarishwa na mwanachuoni Katherine Preston, na toleo lake likapigwa chapa mwaka 2011, miaka zaidi ya 150 tangu kutungwa. Msomaji afikiri kazi yenyewe ilivyo. Mbele yako uko mkono wa mtu aliyeandika kwa haraka, usiku, baada ya kutwa nzima ya darasa. Pengine alama moja ya wino haijulikani kama ni sauti au ni doa. Kitabu cha mwongozaji chasema hivi, karatasi ya mpigaji yasema vingine: ni nani aliyekosea, mtunzi au mwandishi wa nakala? Au mtunzi alibadili nia yake katika mazoezi, akasahihisha karatasi akaacha kitabu? Kila neno lataka kupimwa, maelfu na maelfu, na kila uamuzi lazima uandikwe pembeni ili atakayekuja nyuma aweze kuupinga. Kosa moja likiachwa, siku ya mazoezi baragumu italia vibaya na watu 70 watasimama kumngojea mmoja. Wale kati yetu walionakili tuni kwa mkono, daftari hadi daftari, na kukuta kwamba kijiji kimoja huimba “fa” mahali ambapo kingine huimba “mi,” wanaijua kazi hii kwa udogo wake. Bibi huyo aliandika tena kitabu kizima cha maisha ya Bristow, kilichotoka mwaka 2020.

Karatasi zilipokuwa tayari, sauti ilifuata. Simfoni ya “Jullien” ilirekodiwa na okestra ya kaskazini ya Uingereza, Royal Northern Sinfonia, ikiongozwa na Rebecca Miller. Sasa mtu aweza kuisikiliza na kuamua mwenyewe ule ugomvi wa mwaka 1854. Sisi twaona hivi: mahali pengi Mendelssohn anasikika akisimama nyuma ya mlango, na mahali pengine mtunzi anakawia pale ambapo angetembea. Lakini kuna tuni zenye upole na nguvu ambazo si za mtu mwingine, na mikono iliyozipanga ni ya mtu aliyekaa miaka ndani ya okestra na kujua kila chombo kinapenda nini. Haimpiti Beethoven. Willis angeyasema hayo, naye angekuwa na haki ya kuyasema, kama angeingoja kwanza.

Na “Arcadian” nayo imerekodiwa tena katika miaka hii ya 2020, ikiongozwa na Leon Botstein. Okestra yake, The Orchestra Now, ni ya vijana waliomaliza masomo ya kwanza ya muziki na wanaoendelea kujifunza katika chuo cha Bard, jimbo la New York. Hivyo walioketi na karatasi za mwalimu Bristow mbele yao, wakihesabu mapigo na kungoja zamu yao katika ule wimbo wa jioni, walikuwa wanafunzi.